Mafuta Yaliyokuwa Ndani ya Mpini

Siku ile mliponiaga pale karakanani Makutano, mlinipa blanketi, kikapu na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye anayehitaji saa. Halafu mkaniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani. Nitaandika, ila msitafute humu habari za vyeo. Fundi wa bomba hupanda pale tu anapotumwa kwenye tangi la juu, na akimaliza anashuka. Mshahara nao nauacha, maana nikiuandika mtacheka na mimi sipendi kuchekwa.

Mimi ni mtu wa Siakago. Kwetu mama alikuwa akimfuata punda mpaka mtoni, na maji aliyoleta yaliosha vyombo, kisha yakaosha miguu yetu, kisha yakapewa mbuzi. Sasa fikirieni siku yangu ya kwanza Meru, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nashuka Makutano na begi langu, namkuta mtu anaosha lori kwa mpira. Ameuacha mpira chini, maji yanakimbia barabarani, naye anapiga gumzo na mama wa mahindi ya kuchoma. Moyo ulinipasuka. Niliangusha begi nikakimbia nikaufunga ule mfereji. Yule mtu alinitukana kwa Kimeru, na ingawa Kimeru si Kimbeere, matusi hayahitaji mkalimani. Nilipofika karakanani na kuulizwa kwa nini viatu vimelowa, nilisema ukweli. Mzee mmoja aliyekuwa ameinamia jiliwa aliinua kichwa akasema, "Huyu tumpe bomba. Huyu anajua uchungu ya maji."

Huyo alikuwa Mzee M'Mbijiwe, mtu wa Kiirua, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mabega mapana, mkali kama pilipili, na alikuwa akisali kanisani kwao kila Jumapili kwa sauti ambayo watu wa Kiirua walisema haihitaji kipaza sauti. Hakuwahi kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Alitaka spana, aliichukua mkononi mwako. Alitaka chai, aliichukua mbele yako.

Nyinyi mmezoea mabomba ya plastiki mnayoyabandika kwa gundi. Sisi tulifanya kazi na chuma. Unakata bomba kwa msumeno, unalibana kwenye jiliwa, halafu unachonga thredi kwenye ncha yake, ile mizunguko inayoliwezesha kuingia kwenye soketi. Chombo cha kuchongea tulikiita dai. Ni kichwa cha chuma chenye meno manne ndani, na mpini mrefu wa kuzungushia. Meno yakikauka yanashika moto na thredi inatoka imeraruka, kwa hiyo lazima mtu mwingine asimame hapo na kopo akimwagia mafuta. Na mafuta yetu yalikuwa nini? Oili chafu ya gereji, nyeusi tititi. Tulikuwa tukimaliza kazi kwenye nyumba ya mtu, anafungua mfereji wake mpya kwa furaha, anakunywa, na uso unabadilika. Maji yalikuwa yakinuka lori kwa muda mrefu. Tulimwambia ni harufu ya upya.

Dai ya M'Mbijiwe haikuwa hivyo. Aliinunua kwenye shamba moja la wazungu kule juu ya Kiirua lilipofungwa na vyombo vikauzwa. Mpini wake ulikuwa na uwazi ndani. Unafungua kifuniko kwenye ncha, unajaza mafuta, unafunga, na kila ukiuvuta mpini kwenda na kurudi, tone moja linashuka lenyewe kwenye meno. Chombo kinajipaka mafuta! Mara ya kwanza kuona lile tone likitoka bila mtu kulimwaga, niliinama kuchungulia mpaka nikagongwa paji la uso na mpini. M'Mbijiwe hakunipa pole. Alisema, "Sasa imekusalimia."

Mafuta ya ndani hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Aliyajaza mwenyewe nyumbani kwake, akaja nayo Jumatatu mpini ukiwa tayari umejaa. Yalikuwa meupe, laini, hayana harufu. Asubuhi za baridi yaliganda kidogo, ikabidi kuulaza mpini karibu na jiko la chai mpaka yalainike. Nilimwuliza ni mafuta gani.

"Ni dawa," alisema. "Dawa haiulizwi jina."

Dawa hiyo ndiyo iliyompa sifa. Kokote alikofunga mabomba, maji yalitoka siku ileile yakiwa safi, bila ladha ya chochote. Watu wa mji walikuwa na msemo wao kabisa: maji ya M'Mbijiwe hayanuki. Mameneja wa mahoteli walikuja wakimtaja kwa jina, na mkubwa wetu, Kinoti, alikuwa akivimba kama ni yeye aliyekata hizo thredi.

Basi mwaka mmoja, katikati ya miaka hiyo ya tisini, kiangazi cha mwanzo wa mwaka, alikuja karakanani Hajji Yusuf. Alikuwa na malori yanayoleta bidhaa kutoka Mombasa, na yadi yake ilikuwa mwendo mfupi kutoka kwetu. Yeye na wafanyabiashara wenzake walikuwa wamejenga msikiti mdogo mtaani kwao. Sasa walitaka tangi jipya na safu ya mifereji ya kutawadhia kabla ya Ramadhani kuingia.

"Nyumbani kwangu fundi mwingine aliniwekea bomba, nikala dizeli mwezi mzima," alimwambia Kinoti. "Hii ni maji ya udhu. Mtu anasukutua mdomo, anaingiza puani, halafu anasimama mbele ya Mungu. Nataka ile kitu ya M'Mbijiwe. Nataka maji safi."

M'Mbijiwe wiki hiyo alikuwa amelala nyumbani Kiirua, mgongo umekataa. Kinoti alinituma mimi, na kwa mara ya kwanza ile dai ikakabidhiwa mikono yangu. Sikuamini. Nilifanya ile kazi kwa raha ambayo sijaipata tena. Kila tone lililoshuka nililiona. Katikati ya kazi mafuta yaliisha, nikapanda gari mpaka Kiirua. Mzee alikuwa amelala, kwa hiyo nilizungumza na mke wake, Mama Karimi, aliyenichotea kopo zima jikoni bila maswali. Nilirudi, nikajaza mpini, nikamaliza. Hajji alifungua mfereji wa kwanza mwenyewe, akasukutua, akameza, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kama mvua," alisema. "Wallahi, kama mvua."

Siku chache baadaye nilimrudishia M'Mbijiwe chombo chake. Niliingia uani nikinusa kitu kizuri kikikaangwa, na tumbo langu likafurahi kabla yangu. Mama Karimi alikuwa nyuma ya jiko, amepiga magoti mbele ya sufuria kubwa, anayeyusha mafuta na kuyachuja kwa kitambaa kwenye kopo. Lilikuwa kopo lilelile alilonipa. Kando yake, juu ya jani la mgomba, kulikuwa na kichwa cha nguruwe, macho nusu wazi, kikinitazama.

Nilisimama. Nilikitazama kile kichwa, nikatazama kopo, nikatazama kile kichwa tena.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Si ni ile mnatumia kwa paipu?" Alinishangaa. "Nachanganya na mafuta ya kupikia kidogo isigande. Mzee anasema hakuna kitu inakata thredi kama nguruwe. Alijifunza kwa wale wazungu. Kwani ilikuwa mbaya?"

 Niliketi kwenye rundo la kuni bila kukaribishwa. Mimi nguruwe nakula, wala sikuwa na neno naye. Lakini niliwaona wale wazee wa msikiti wamejipanga kwenye mifereji yangu, wanasukutua, wanaosha uso, wanapitisha maji kwenye masikio, na katika kila kiungo nilichokaza kwa mikono hii kuna mafuta ya huyu mnyama anayenitazama kutoka kwenye jani.

Niliingia kwa mzee, nikamwambia kazi aliyofanya dai yake ilikuwa ya wapi. Alikuwa ameambiwa ni kazi ya mjini tu, hakujua zaidi. Aliinuka nusu, mgongo ukamrudisha chini.

"Msikiti?"

"Msikiti, mzee."

Alifunika uso kwa kofia yake. Nilidhani analia, kumbe anafikiri, na alipoitoa ile kofia alikuwa M'Mbijiwe yule ninayemjua, mkali.

"Maji imepita pale siku ngapi? Imeosha yote. Imekwisha. Wewe nyamaza. Mimi nimekaa na hawa watu miaka yote hii, nakopa sukari kwao, wananikopa kuni. Unataka wajue nimewaogesha na nguruwe? Nyamaza, Ireri."

Kinoti naye alisema vivyo hivyo, ila yeye alisema akitazama dirishani. Hata mke wangu alisema, "Kwani walikuuliza?" Nilikuwa kama mtu mwenye mfupa kooni katikati ya watu wanaomwambia endelea kula. Kilichonisumbua hakikuwa hofu ya kupigwa, ingawa hiyo ilikuwepo na ilikuwa kubwa. Nilikuwa nikimsikia Hajji akisema kama mvua. Mwandamo wa mwezi ulikuwa umekaribia, na kila mtu wa msikiti ule angefunga mwezi mzima akijua amejitwaharisha, kumbe hapana, na wa kujua ni mimi. Mtu wa Siakago hawezi kumfanyia mwenzake hivyo kwenye maji. Kwenye mambo mengine labda, lakini si kwenye maji.

Nilimkuta Hajji yadini, anakagua magurudumu ya lori. Nilimwambia pale pale, tumesimama, kwa sababu nikikaa ningekunywa chai na nikinywa chai ningeshindwa. Sikumtaja M'Mbijiwe. Nilisema chombo kilikuwa na mafuta ambayo sikuyajua, na sasa nimeyajua.

Hajji hakuelewa mara ya kwanza. Nikarudia. Nikalitaja lile jina la mnyama.

Rangi ilimtoka. Alitembea mpaka nyuma ya lori nikamsikia anatapika. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alinishika ukosi wa shati nikaona siku yangu imefika.

"Mimi nilikunywa! Nimekunywa mbele yako! Nikakushika mkono!"

"Ndiyo, Hajji."

"Na mbona unaniambia? Nani alikutuma uniambie?"

"Hakuna, Hajji. Wote wamenikataza."

Aliniachia. Akaniambia nimfuate. Tulikwenda kwa sheikh wao, mtu mpole mwenye miwani, ambaye alisikiliza yote bila kubadilika uso. Nilimshangaa. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameshika kingo za kiti chini ya kanzu. Alisema kila kiungo kilichoguswa na mafuta kifunguliwe, kisafishwe mpaka hata dalili isionekane, halafu kila kitu kioshwe mara saba, na mara moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi.

"Udongo wapi?" niliuliza.

"Ndani."

"Ndani ya bomba? Bomba mpya?"

Nilisahau kabisa mimi ndiye niliyekosea kwa mafuta, nikaanza kubishana na sheikh. Nilimweleza kwamba maisha yangu yote nimefundishwa kuzuia hata chembe ya mchanga isiingie kwenye bomba. Nilimweleza habari za mifereji kuziba. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akasema, "Fundi, wewe umeweka nguruwe. Udongo umekutisha?" Hajji alitoa sauti puani kama mtu anayezuia kicheko, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile nilifikiri nitafika nyumbani salama.

Adhuhuri Hajji alisimama msikitini akawaambia watu wote. Mimi nilikuwa nje, kwenye kivuli cha tangi, nikisikia sauti zikipanda. Walitoka wamekasirika, na dereva mmoja wa lori alinijia moja kwa moja akiwa amekunja mkono wa kanzu. Hajji alipita mbele yake.

"Huyu angenyamaza," alisema, "tungetawadha na hiyo mpaka tufe, na tungekufa tukimsifu. Sasa piga, kama unaona amekosa kusema."

Dereva hakunipiga. Alitema mate, akaondoka, na asubuhi yake alirudi akanibebea ngazi. 

Kinoti hakutoa mtu wa kunisaidia. Alisema karakana haijui habari hiyo. Kwa hiyo kesho yake nilianza peke yangu kufungua viungo nilivyokuwa nimevifunga kwa fahari, nikikwangua kwenye thredi katani na rangi tulizozibia maji yasivuje, nikichemsha maji, na Waislamu wamekaa ukutani wananitazama kama watu wanaotazama mpira timu yao ikifungwa. Nilikuwa kwenye kiungo cha tatu au cha nne niliposikia kishindo cha gunia nyuma yangu.

Alikuwa M'Mbijiwe. Amekuja na gari la asubuhi kutoka Kiirua, amejifunga kitambaa kiunoni kwa ajili ya mgongo, amepinda kama ndoano. Nilidhani amekuja kunigombeza mbele ya watu. Alinipita. Alikwenda mpaka alipokaa Hajji, akavua kofia.

"Hajji, ile mafuta ni yangu," alisema. "Kijana hakujua. Mimi nilijua mafuta, sikujua msikiti. Lakini kwa miaka yote sikuwahi uliza maji inaenda kwa nani."

 Niliogopa kuliko nilivyoogopa yadini.

"Nimekuja kufungua na yeye," M'Mbijiwe alisema. Kisha akasema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kutoka kinywani mwake, yeye aliyechukua spana mikononi mwa watu na chai mbele yao. "Naweza shika?"

 Hajji alikuwa na haki ya kumfukuza, na nadhani alitaka kumfukuza. Mwishowe aliinuka, akachukua birika la maji.

"Osha mikono kwanza, mzee."

M'Mbijiwe alinyoosha mikono, na Hajji mwenyewe akammwagia, mpaka viwikoni. Mimi nilitazama chini, nikajifanya natafuta spana ambayo nilikuwa nimeishika.

Tulifungua, tukaosha, tukafunga. Dai yenyewe tuliivunjavunja. Utambi wa ndani ya mpini, uliopeleka yale mafuta kwenye meno na kulowa nayo, tuliuchoma, na chuma chake kikapitishwa kwenye udongo na maji kama kila kitu kingine. Tulipofika kwenye maji ya udongo nilivua mifereji yote kwanza, na bado roho iliniuma kuona tope linatoka kwenye kazi yangu. M'Mbijiwe aliguna akasema afadhali tope kuliko yale aliyoweka yeye. Mara ya saba maji yalitoka meupe. Hajji alisukutua, akasita, akameza.

Jioni ya mwandamo lori lake lilirudi kutoka Mombasa na debe la mafuta ya nazi. Alilileta karakanani akaliweka juu ya meza ya M'Mbijiwe, akasema hayo ndiyo yataingia mle ndani kuanzia leo. M'Mbijiwe alichovya kidole akaonja, akashtuka. "Hii inapikwa!" alisema. Tangu hapo dai ile ilikuwa inanukia wali wa nazi, na tulikata nayo thredi tukiwa na njaa kila siku. Na kila nyumba tuliyokwenda, kabla ya kushusha vyombo, M'Mbijiwe aliuliza wenye nyumba ni watu gani na maji yatatumika kwa nini. Baadhi walidhani ni mpelelezi.

Alifariki mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, kiangazi kibaya, mifereji ya Kiirua imekauka kabisa. Siku ya mazishi akina mama walikuwa wamekaa na masufuria makavu, hawajui watawapikia nini watu wote wale. Nilikuwa pale langoni nikiona aibu kama mwenyeji, mimi fundi wa maji nisiye na hata ndoo moja, nikasikia lori linapanda. Lilikuwa la Hajji, na nyuma limebeba tangi limejaa. Wazee wa msikiti walishuka mmoja mmoja na kofia zao, na yule dereva wa siku ile alikuwa kwenye usukani.

Mama Karimi alitoka akasimama. Nyuma ya nyumba zizi la nguruwe lilikuwa tupu, limefagiliwa. Alikuwa amewapeleka kwa jirani tangu jana yake, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo, wala hakujua kama watakuja.

Hajji alifungua tangi, akajaza kikombe, akampa kwa mikono yote miwili.

"Hajji, hii maji umetoa wapi na kiangazi hii?"

"Kwa msikiti, mama," alisema. "Ni maji ya mzee. Onja. Mpaka leo hainuki."